Nusu ya Thawabu

Ukitaka kujizoeza kupanda milima, Tanga ndipo mahali pa mwisho pa kuanzia. Mji umelala bapa kando ya bahari, na jasho halisubiri kilima, linakutoka umekaa kitini. Lakini baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kuzuiwa na jiografia. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, alitangaza dukani mbele ya wateja kwamba anakwenda Kedarnath, hekalu la Shiva lililoko juu kwenye theluji za Himalaya, na kwamba atapanda kwa miguu yake mwenyewe. Alipokwisha kusema akaitisha kiti akakaa, maana alikuwa amesimama muda mrefu.

Mimi nilikuwa bado mke mgeni katika nyumba ile ya mtaa wa Usagara: duka chini, sisi juu yake, na juu yetu paa bapa la saruji ambako tulianika pilipili na nguo. Nilizaliwa Pangani, nikakua nikicheza na watoto wa Waswahili, na mdomo wangu haukuwa na breki kwa lugha yoyote. Ndoa iliufunga mdomo huo kwa kitambaa. Kwetu sisi Wahindu wa Kigujarati wa siku zile, mke wa mtoto alijifunika uso kwa pindo la sari mbele ya baba wa mumewe, na hakusema naye neno hata moja. Akiwa na jambo alimwambia mama mkwe, mama mkwe akalifikisha. Jina la mume pia hatulitaji, basi msilitafute humu. Yote ninayoyasimulia niliyaona kupitia kitambaa, na kitambaa kile kilikuwa chepesi kuliko wenyewe walivyodhani.

Nadhiri ya Kedarnath haikuwa ya baba mkwe. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, niliyemwita Ba, kama tunavyowaita mama zetu. Mwanawe wa pekee, ambaye baadaye akawa mume wangu, alishikwa na homa kali angali anatambaa, akakakamaa mikononi mwake, na daktari akachukua kofia yake akaenda zake. Ba akamwambia Shiva: niachie huyu, nami nitakuja kwako kwa miguu yangu. Mtoto akapona. Miaka ikapita, Ba akapika, akafua, akasikia kwa mbali kwamba wazazi wake wamekufa Bara Hindi, na ahadi ikabaki palepale. Mwanawe alipokohoa tu, mwanamume mzima mwenye ndevu, niliona mikono ya Ba inasimama juu ya unga. Aliamini kabisa kwamba anaishi na mtoto wa kuazima, na kwamba Shiva mwenyewe anaweza kumtaka siku yoyote.

Baba mkwe alilimaliza jambo hilo kwa urahisi. Aliichukua nadhiri akaifanya yake.

"Magoti yako mabovu," alimwambia Ba siku moja akiwa anakula. "Milima ile si ya wanawake. Nitakwenda mimi. Mke hupata nusu ya thawabu za mumewe hata akiwa amekaa jikoni. Vitabu vimesema."

"Na mume," Ba akauliza huku akimwongezea samli, "hupata nusu ya thawabu za mkewe?"

"Hapati."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu mke hana anakokwenda." Akanyoosha mkono apewe chapati nyingine.

Ba akampa. Mimi nyuma ya mlango nililiuma pindo la sari mpaka likalowa.

Mazoezi yakaanza kwa nguo. Mzungu mmoja wa shamba la mkonge alikuwa akirudi kwao, na baba mkwe akajipatia koti lake la sufu, zito, la kufika magotini. Akaamua kulivaa dukani ili mwili uzoee. Ulikuwa wakati wa kaskazi, joto limepamba moto. Akina mama wa Chumbageni waliokuja kuchagua khanga walimkuta nyuma ya meza amefunga vifungo mpaka kidevuni, uso umeiva, maji yanamchuruzika kwenye masharubu. Mama muuza vitumbua, jirani yetu, alinivuta pembeni.

"We bibie, mzee wako yuwaumwa?"

"Haumwi, mama. Anajizoeza baridi."

"Baridi ya wapi?"

"Ya Bara Hindi, huko milimani."

Akamtazama tena, kwa makini, toka juu hadi chini. "Haya makubwa! Mtu ajizoeza baridi kwa kujichemsha!"

Nadhani neno hilo lilimfikia, maana juma lililofuata akaenda kuitafuta baridi yenyewe. Rafiki yake alikuwa na kiwanda cha barafu karibu na bandari, pale walipokuwa wakihifadhi samaki. Baba mkwe, ambaye hajala samaki tangu kuzaliwa, akakaa katikati ya magogo ya barafu, miguu mitupu, akilitaja jina la Shiva huku changu na jodari wakimtumbulia macho. Alirudishwa nyumbani kwa rikisho, kile kigari cha kukokotwa na mtu, meno yanagongana. Mafua yakamlaza. Ba akamkanda kifua kwa mafuta ya haradali, akamchemshia tangawizi, akamsikiliza akisema kwamba sasa Himalaya anaijua.

Kisha yakaja mazoezi ya roho, na hayo ndiyo yaliyotumaliza sisi wengine. Kuhani wa hekalu letu alimfundisha kuvuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa jingine. Akayafanya dukani. Mvuvi mmoja aliyekuja kununua kamba alimkuta mwenye duka ameibana pua, akajinusa kwapa, akaomba radhi na kuondoka. Baadaye baba mkwe akaacha vitunguu maji na vitunguu saumu, eti huchafua roho, maana yake ni kwamba nyumba nzima tuliacha vitunguu na saumu. Halafu akaacha hasira. Aliiacha kwa makelele, akimtangazia kila anayepita, na ole wake aliyethubutu kutia shaka.

Mwisho akaacha kusema. Kila asubuhi mpaka adhuhuri hakutamka neno, eti kuituliza akili, na badala yake alipiga makofi. Makofi ya haraka yalikuwa chai. Ya polepole yalikuwa maji ya kunawa miguu. Yakiwa mfululizo, bila kupumzika, maana yake tulichopeleka sicho na tukisie upya. Sijapata kusikia ukimya wenye kelele namna ile.

Makofi hayo aliyapigia juu ya paa. Kwa kuwa Tanga haina mlima, aliamua kwamba mlima wake utakuwa ngazi zetu, toka mlango wa duka hadi paani. Kila asubuhi alizipanda akiwa na koti na fimbo, anapumua kwa tundu moja moja, na akifika juu alijitupa kwenye kitanda cha kamba ili atafakari. Kutafakari kulitaka chai. Ba akapanda na chai. Chai ilitaka sukari zaidi. Ba akashuka, akapanda na sukari. Likaja taulo, likaja tasbihi yake ya mbegu aliyoisahau chini, ikaja chai ya pili kwa sababu ya kwanza imepoa wakati taulo linatafutwa. Baba mkwe alipanda Himalaya mara moja kwa siku. Ba alikuwa anaipanda mpaka jua linafika utosini.

"Nipe mimi nipeleke, Ba," nilimwambia.

"Utaanguka, mwanangu."

Na kweli, ngazi zile zilisimama wima, nami na uso uliofunikwa ningefika chini kabla ya trei. Lakini hakuishia hapo. Alijifuta paji la uso akaniambia kwa sauti ndogo, "Tena mimi sijachoka."

Nikaanza kuona mengine. Mzee mmoja wa mtaa wa Mabawa aliyekuwa akituletea maziwa mlangoni aliacha kuja, na Ba akawa anatoka mwenyewe asubuhi, pekupeku, akirudi na kopo la maziwa kichwani. Nilidhani wamekosana. Siku moja nikamwona yule mzee sokoni.

"Shikamoo, babu. Mbona umetutupa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi niwatupe? Mama yenu mwenyewe kanambia nisije. Asema ataka kutembea."

Nikarudi nyumbani nikamkuta Ba anapandisha ndoo iliyojaa maji hadi mdomoni. Aliyeko juu alikuwa ameomba maji ya kunawa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa miwili tu. Nikasimama chini ya ngazi nikamsikiliza anavyopumua. Pumzi yake ilikuwa imetulia kabisa. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nyumba yetu ilikuwa na msafiri kweli, na hakuwa yule mwenye koti. Nilifurahi nikaogopa, kwani nilijua kujiandaa ni jambo moja na kuruhusiwa ni jingine.  Tangu siku ile nililijaza birika lake la chai mpaka juu kabisa, lizidi uzito.

Kabla ya masika, baba mkwe na wafanyabiashara wenzake waliokusudia kusafiri naye walipanga kujipima kwenye mlima wa haki. Tukapakiwa kwenye lori hadi Lushoto, tukalala kwa jamaa zetu, na asubuhi tukapelekwa chini ya mlima wa Magamba. Sisi wanawake hatukwenda kujipima. Tulikwenda kupika. Na hapo watu wetu, pamoja na akili zao zote za biashara, walifanya kosa ambalo sidhani kama kuna watu wengine duniani wangelifanya.

Walitaka kula kileleni, tena chakula cha moto: khichri, ule wali unaopikwa pamoja na choroko, umwagiwe samli unafuka mvuke. Lakini chakula chetu hakikupikwa na mtu wa nje, wala chombo chetu hakikuguswa na mkono wa mwingine, na kwa kuwa walikuwa mahujaji watarajiwa, siku hiyo walikuwa wakali maradufu. Wapagazi wa Kisambaa wakakatazwa kabisa kugusa vyombo. Wakapewa miavuli, mablanketi na mto wa kukalia wa baba mkwe. Sufuria, mchele, samli na madumu ya maji yakabebwa na wake za wenyewe. Tena chakula kilitakiwa kiwe tayari watakapofika, kwa hiyo sisi tukatangulizwa.

Hebu lifikirie. Wanaume wanataka kujua kama binadamu anaweza kuupanda mlima, basi wanawapandisha kwanza wake zao wenye magoti mabovu, na sufuria kichwani. Hakuna hata mmoja aliyeliona.

Ba alijifunga sari kibwebwe, akaweka kata kichwani, akaweka sufuria kubwa juu yake, akashika njia. Msitu ulikuwa na baridi, njia imelowa, mizizi inateleza. Wenzetu walikuwa wanasimama, wanalalamika, wanakaa kwenye magogo. Mimi kijana nilikuwa naona nyota za mchana. Ba hakusimama. Nilipomwomba tupumzike kidogo alinijibu bila kugeuka, "Tukipumzika chai itapoa," akacheka. Tangu niingie nyumba ile sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti.

Juu kabisa miti iliachana, tukaona mabonde na migongo ya milima mingine inatokeza kwenye ukungu. Ba akatua sufuria. Akasimama, akajishika magoti yote mawili kana kwamba anahakikisha ni ya kwake, machozi yakamtoka.

"Naweza," alisema. Hakuwa anasema na mimi.

Tukawasha moto, tukapika. Khichri ikaiva, samli ikamwagwa, mvuke ukapanda kama walivyoagiza, walaji hawaonekani. Tukafunika. Tukafunua. Tukafunika tena. Hatimaye akatokea mtu mmoja, Msambaa mkata mbao, msumeno begani, anapita na shughuli zake. Akatusalimu vizuri akasema amepewa ujumbe.

"Wazee wenu wamekaa kule chini, penye kijito. Yule mwenye koti refu amesema hawaji. Amesema chakula kishushwe."

 Wanawake wenzetu wakaanza kuinuka, maana ndivyo tulivyolelewa, amri ikifika miguu inasimama yenyewe. Ba hakuinuka. Aliifunua sufuria, akachota sahani imejaa, akakaa chini mbele yetu sote akaanza kula. Kwetu mke hali kabla ya mumewe. Ninyi msiojua mila hiyo hamwezi kujua tulichokiona. Alikula polepole, akamaliza, akalamba vidole. Kisha akamchotea yule mkata mbao kwenye jani pana, na alipokwisha kula akamwambia:

"Kamwambie mwenye koti: mkeo amekula. Nusu ya shibe ni yako."

Yule bwana alikuwa mwaminifu. Aliteremka akausema ujumbe wote, kwa Kiswahili safi na sauti ya mtu wa msituni, mbele ya mahujaji wote. Mimi sikuwepo, lakini mmoja wao aliyesimulia baadaye alisema kicheko kiliwatoa pumzi kuliko mlima. Sisi tulikula tukashiba, tukashuka na sufuria tupu. Tulimkuta baba mkwe anateremshwa kwenye kiti cha mbao, wapagazi wamemshika huku na huku, anatazama juu ya miti.

"Viatu vilibana," alisema.

Nyumbani ile hasira aliyoiacha aliirudia yote kwa pamoja. Safari imekufa, alisema. Haendi yeye, haendi mtu, na Kedarnath isitajwe tena chini ya paa lake.  Ba alikuwa ameuweza mlima, na sasa mlango wa nyumba ndio uliomshinda.

"Mtoto bado si wetu," alimwambia. "Nikifa sijaenda, nani atalipa?"

"Nimesema hakuna anayekwenda!"

Hapo mume wangu, ambaye nilimpenda lakini nilikuwa nimekata tamaa ya kumsikia akimjibu baba yake, akasimama. "Nitampeleka mimi, Bapuji. Roho yenyewe ni yangu."

"Na duka?"

"Dukani utakuwepo wewe."

Baba mkwe alitikisa kichwa kwa siku nyingi. Kilichomlainisha si machozi ya Ba wala maneno ya mwanawe. Ni Tanga. Habari za mlimani zilishuka na lori lilelile, zikaenea toka hekaluni hadi sokoni, na watu wa mji ule wakipata utani hawauachii mpaka wautoe mafuta. Mteja alikuwa akiingia, anachukua kipande cha sabuni, na kabla ya kutoka anauliza kwa adabu zote, "Mzee, umeshiba lakini?" Mama muuza vitumbua alikuwa akila kitumbua chake mwenyewe mlangoni na kumwambia, "Nusu hiyo, baba, twaa." Baba mkwe akaona njia moja tu ya kujiokoa. Akatangaza dukani, mbele ya wateja, kwamba yeye mwenyewe ameamua kumpeleka mkewe Kedarnath, na kwamba kuhani ametazama vitabu upya: thawabu za mke nazo hugawanywa.

Masika yalipokuwa yanakwisha, Ba akaondoka na mwanawe kwa meli. Alikuwa amevaa lile koti la sufu, mikono imekunjwa, pindo linaburura. Nililia pale bandarini, huku nikiona aibu kulia mbele za watu. Akaniinua uso ndani ya kitambaa.

"Zile ngazi sasa ni zako," aliniambia. "Ukiwa na safari yako, zipande kila siku. Kama huna, usizipande bure."

Alifika. Aliupanda wote kwa miguu yake, akawapita watu wazima waliokaa kwenye vikapu migongoni mwa wapagazi, akarudi na chupa ya maji matakatifu na pua iliyobabuka. Mwanawe akikohoa, alikuwa anaendelea kukanda unga. Lakini hayo alikuwa akiyasimulia mwenyewe, na vizuri kunishinda.

Mimi langu ni la asubuhi ya kwanza baada ya meli kuondoka. Baba mkwe alipanda paani kama kawaida, bila koti, akajilaza kwenye kitanda cha kamba. Nikasikia makofi ya haraka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mwisho ya chini, chai iko tayari, tangawizi inanukia. Makofi yakarudi. Nikalifunua pindo la sari, nikainywa chai ile hadi tone la mwisho, nikageuza uso juu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikasema naye kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Nimekunywa, Bapuji. Nusu ni yako."

Huko juu makofi yakakatika. Nikasikia kitanda kinalia, halafu miguu yake, polepole, inashuka ngazi.